Kasoro za Rangi katika Projekta Iliyokwisha Kutumika

Projekta ya video ni mashine inayopokea picha kutoka katika kompyuta, deki au simu na kuitupa juu ya kiwambo cheupe ikiwa imekuzwa mara nyingi. Mashine hii ilikuwa ghali sana katika miaka ya 1980 na 1990, lakini siku hizi hupatikana kwa bei nafuu ikiwa imekwisha kutumiwa na mwenyewe wa kwanza. Shule, vikundi vya vijana na familia hununua projekta za namna hii, mara nyingi zikiwa hazina kitabu cha maelezo wala dhamana. Basi huwa ni jambo la kawaida kwamba mashine ikiwashwa picha inaonekana, lakini rangi zake si sahihi: nyuso za watu zina ukijani, mawingu yana umanjano, au pembe moja ya picha ina doa la buluu lisiloondoka.

Hapo watu wengi hukata shauri kwa haraka. Wapo wanaoiweka mashine stoo wakidhani imekufa, kumbe pini moja ya waya imepinda. Wapo pia wanaonunua taa mpya kwa fedha nyingi, kumbe taa haikuwa na kosa lolote. Katika hali zote mbili fedha iliyokusanywa kwa taabu hupotea bure. Hasara hiyo yaweza kuepukwa, kwa sababu rangi yenyewe ni shahidi. Kila kasoro huacha juu ya kiwambo alama inayolingana na mahali ilipotokea, na mtu yeyote aliyesoma fizikia ya nuru katika shule ya sekondari anaweza kuisoma alama hiyo.

Sheria ya rangi tatu

Katika miaka ya 1660 Isaac Newton, mwanasayansi wa Uingereza, alipitisha mwali wa jua katika mche wa kioo wenye pembe tatu, akaona nuru nyeupe ikigawanyika katika rangi za upinde wa mvua. Uchunguzi wake aliuchapisha katika kitabu chake Opticks mwaka 1704. Mwanzoni mwa karne ya 19 Thomas Young alieleza kwamba jicho la mwanadamu halihitaji kuwa na kipokezi cha kila rangi: vipokezi vya aina tatu vyatosha. Mwaka 1861 James Clerk Maxwell alilithibitisha wazo hilo mbele ya hadhira mjini London. Picha tatu za utepe wa rangi nyingi zilikuwa zimepigwa kupitia machujio ya nyekundu, kijani na buluu. Maxwell alizitupa picha hizo kwa pamoja juu ya kiwambo kimoja kwa taa tatu zenye machujio yale yale, na utepe ukaonekana katika rangi zake. Projekta ya rangi ya leo, hata iwe ndogo kiasi gani, bado inafuata kanuni ya taa zile tatu.

Nuru za rangi tatu zikikutana juu ya kiwambo, matokeo ni haya:

Nyekundu na kijani hufanya manjano.
Kijani na buluu hufanya samawati, yaani rangi inayofanana na maji ya bahari yenye kina kifupi.
Buluu na nyekundu hufanya zambarau iliyokaribia waridi, mfano wa maua ya bogonvilia.
Nyekundu, kijani na buluu kwa pamoja hufanya nyeupe.

Yafaa ieleweke kwamba sheria hii ni ya nuru, wala si ya rangi za kupakwa. Mwanafunzi akichanganya rangi nyingi za maji juu ya karatasi atapata weusi uliochafuka, kwa sababu kila rangi ya kupakwa hunyonya sehemu ya nuru. Nuru zikichanganywa huongezana.

Kutokana na sheria hiyo yatoka kanuni mbili ambazo ni msingi wa uchunguzi wote. Ya kwanza ni hii: picha nyeupe huonyesha rangi iliyopungua. Weupe ukigeuka manjano, buluu imepungua; ukigeuka samawati, nyekundu imepungua; ukigeuka zambarau, kijani imepungua. Kanuni ya pili ni hii: picha nyeusi huonyesha rangi inayovuja. Mahali panapopaswa kuwa na giza pakionekana buluu, basi nuru ya buluu inapita mahali ilipotakiwa kuzuiwa. Mtu akizitazama picha hizi mbili tu, yaani nyeupe tupu na nyeusi tupu, amekwisha kujua nusu ya anachotaka kukijua.

Jamii tatu za projekta

Hata hivyo alama moja yaweza kuwa na maana tofauti katika mashine zisizofanana. Kwa hiyo hapana budi kwanza kuitambua jamii ya projekta.

Jamii ya kwanza ni ile ya mirija mitatu. Hizi ni mashine kubwa na nzito, nazo hutambulika kwa lenzi zake tatu zilizopangwa safu moja. Kila lenzi ina mrija wake, unaofanana na mrija wa runinga ya zamani, na kila mrija hutoa rangi moja. Mashine za jamii hii zimekuwa adimu.

Jamii ya pili ni ya vidirisha vitatu vya fuwele za majimaji. Projekta hizi zilianza kuuzwa na makampuni ya Japani mwishoni mwa miaka ya 1980. Ndani yake nuru nyeupe ya taa hukutana na vioo maalumu vinavyoakisi rangi fulani na kupitisha nyingine. Nuru hugawanywa katika njia tatu, na katika kila njia imewekwa chujio la mwelekeo wa mawimbi, kisha kidirisha cha fuwele, kisha chujio jingine. Kila nukta ya kidirisha hufungua au kufunga njia ya nuru kwa amri ya umeme. Mwishowe nuru tatu hukutana katika mche wa kioo wenye umbo la mchemraba, zikatoka pamoja katika lenzi moja.

Jamii ya tatu ni ya vioo vidogo. Kiini chake ni kipande cha silikoni kilichobuniwa na Larry Hornbeck wa Texas Instruments mwaka 1987. Juu ya kipande hicho kuna vioo vingi sana, kimoja kwa kila nukta ya picha, na mapana ya kila kioo hayafiki sehemu ya hamsini ya milimita. Projekta yenye nukta 1024 kwa 768 ina vioo 786,432. Kila kioo huinama upande mmoja kupeleka nuru katika lenzi, na upande wa pili kuinyima. Katika mashine za nyumbani kipande ni kimoja, nacho huonyesha rangi kwa zamu. Gurudumu lenye vipande vya machujio huzunguka mbele ya taa, mara nyingi kwa mizunguko 7,200 kwa dakika au zaidi, na jicho huziunganisha rangi hizo zipitazo upesi likadhani linaona picha moja.

Ipo njia rahisi ya kutofautisha jamii ya pili na ya tatu bila kufungua hata skurubu moja. Picha nyeupe itupwe ukutani katika chumba chenye giza, kisha mtu apunge kalamu nyeupe kwa haraka mbele ya kiwambo. Kalamu ikionekana kuacha nyuma yake michirizi ya nyekundu, kijani na buluu, rangi zinatolewa kwa zamu, na mashine ni ya vioo vidogo. Michirizi ikibaki myeupe, rangi zote zinatoka kwa wakati mmoja, na mashine ni ya vidirisha.

Projekta ndogo za bei ya chini, zinazotumia kidirisha kimoja na taa ya diodi, nazo hutoa michirizi myeupe. Katika hizo machujio ya rangi yamebandikwa juu ya kidirisha chenyewe, kwa hiyo si rahisi rangi moja kutoweka kote kwa kosa la kioo. Rangi ikitoweka katika mashine ya namna hiyo, waya au saketi ndizo za kutuhumiwa kwanza.

Kuchunguza kutoka nje kwenda ndani

Fundi mzuri haanzi kwa kufungua mashine. Huanza na yale yaliyo rahisi na yasiyo na gharama, naye hubadilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja. Akibadilisha waya na mipangilio kwa pamoja na rangi zikarejea, hatajua ni kipi kilichokuwa na kosa. Hatua zifuatazo zifuatwe kwa mpango.

Hatua ya kwanza ni kukagua kiwambo na macho. Ukuta uliopakwa rangi ya maziwa hufanya picha yote iwe na umanjano. Shuka jeupe au karatasi nyeupe ibandikwe ukutani kabla ya jambo jingine lolote. Tena wapo watu, hasa wanaume, ambao kwa maumbile hawatofautishi vizuri nyekundu na kijani, na wengine hawajui kwamba wako hivyo. Ni vema picha itazamwe na watu wawili au zaidi.

Hatua ya pili ni kuitazama menyu ya projekta. Maandishi na rangi za menyu hutengenezwa ndani ya mashine yenyewe, wala hazipiti katika waya. Ikiwa menyu ina rangi nzuri lakini filamu ina rangi mbaya, kosa liko kabla ya pale: katika chombo kinacholeta picha, katika waya, au katika tundu la kuingizia. Ikiwa menyu nayo imeharibika rangi kwa namna ile ile, kosa liko ndani. Jaribio hili huchukua nusu dakika, nalo hugawa makosa yote katika mafungu mawili.

Hatua ya tatu ni waya. Waya wa kompyuta wenye pini 15 hupeleka nyekundu katika pini ya kwanza, kijani katika ya pili na buluu katika ya tatu. Pini ya kwanza ikipinda au ikikatika, weupe wote wa picha hugeuka samawati. Waya ukitikiswa kidogo na rangi ikarudi kwa nukta chache, chanzo kimepatikana. Waya wenye plagi tatu za nyekundu, kijani na buluu, utumiwao na baadhi ya deki, haubebi rangi hizo tatu moja kwa moja: plagi ya kijani hubeba mwangaza wa picha, na zile nyingine mbili hubeba tofauti za rangi. Plagi ya nyekundu na ya buluu zikibadilishana nafasi, nyuso za watu hugeuka buluu. Na projekta ikiisoma ishara ya namna hii kana kwamba ni ishara ya kompyuta, picha yote hutawaliwa na kijani kikali. Kosa hilo hutengenezwa katika menyu ya kuchagua ishara, bila kutumia senti moja.

Waya wenye plagi moja ya manjano hubeba picha nzima, na rangi husafiri juu ya wimbi lake dogo. Katika mfumo wa PAL, uliotumiwa na runinga za Tanzania, Kenya na Uganda, wimbi hilo lina masafa ya takriban megahezi 4.43, katika mfumo wa NTSC, uliotumiwa Marekani na Japani, ni takriban megahezi 3.58. Deki ikitoa mfumo mmoja na projekta ikaambiwa kusoma mwingine, picha huweza kuonekana bila rangi yoyote. Mtu asiyelijua jambo hili huweza kudhani mashine nzima imeharibika.

Waya wa HDMI ni tofauti, kwa kuwa hubeba picha kwa tarakimu. Ukiharibika, kwa kawaida picha humetameta nukta nukta, hukatikakatika, au hupotea kabisa. Ni mara chache sana waya huo utie rangi picha nzima kwa utulivu. Rangi zikiharibika huku picha imetulia, inafaa kuangalia mipangilio ya vyombo viwili vilivyounganishwa.

Hatua ya nne ni kuirudisha mipangilio kama ilivyotoka kiwandani. Mwenyewe wa kwanza huenda aliiambia projekta kwamba ukuta wake ni wa kijani au ni ubao mweusi, nayo bado inasahihisha rangi kwa ajili ya ukuta ambao haupo tena.

Kama menyu ina rangi nzuri, na waya na mipangilio imekwisha kuhakikishwa, lakini kosa bado lipo, picha ipitishwe katika tundu jingine la kuingizia. Kosa likitoweka, ni saketi ya tundu lile la kwanza iliyoharibika, na mashine bado yaweza kutumika kwa miaka.

Kuyasoma madoa

Ikiwa kosa liko ndani, mchunguzi atayarishe kwa kompyuta kurasa tano za rangi moja moja: nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani na buluu. Kazi hii yaweza kufanywa na wanafunzi. Kurasa hizo zitupwe moja baada ya nyingine, na kila kinachoonekana kiandikwe katika daftari.

Kwanza ijulikane kama doa ni la mashine au ni la picha. Menyu ya projekta nyingi ina amri ya kupindua picha kwa ajili ya kuitundika mashine darini. Picha ikipinduliwa na doa likabaki pale pale ukutani, doa hilo limo katika vioo, vidirisha au lenzi. Doa likipinduka pamoja na picha, limekuja na ishara kutoka nje.

Katika mashine ya vidirisha vitatu, ugonjwa wa kawaida wa uzee ni wa upande wa buluu. Sababu yake ni ya kifizikia. Fotoni ya buluu yenye urefu wa wimbi wa nanomita 450 ina nishati zaidi ya mara 1.4 ya fotoni nyekundu ya nanomita 650, na njia ya buluu ndiyo iliyo karibu zaidi na miali ya urujuanimno inayobaki kutoka katika taa. Machujio na tabaka nyembamba zilizotengenezwa kwa kemikali za kaboni huchomeka polepole kwa nuru hiyo pamoja na joto. Chujio likififia na kuacha kuzuia nuru, ukurasa mweusi huonyesha doa la buluu. Likiungua na kunyonya nuru, ukurasa mweupe huonyesha doa la manjano. Ukurasa wa buluu hulithibitisha jambo hilo, kwa maana doa litaonekana humo, lakini kurasa za nyekundu na kijani zitakuwa safi.

Vumbi nalo huacha madoa ya rangi, kwa sababu kila kidirisha kina rangi yake. Chembe iliyoangukia kidirisha cha kijani huonekana kama doa la kijani katika giza, kwa kuwa hutawanya nuru na kuvuruga mwelekeo wake. Katika weupe yaweza kuonekana kama kivuli cha zambarau. Vumbi hutofautishwa na mchomo kwa kuizungusha lenzi. Kwa kawaida chembe haikai sawasawa katika uso wa kidirisha, kwa hiyo picha ikitiwa ukungu kwa makusudi, mara nyingi doa la vumbi hukaza na kuwa na kingo wazi. Doa la mchomo hubaki pana, lisilo na kingo. Vumbi laweza kupulizwa na fundi, mchomo haufutiki.

Mstari mwembamba wa rangi moja unaoshuka kutoka juu hadi chini huonyesha kwamba kidirisha cha rangi hiyo, au utepe wa waya unaokiunganisha, umelegea au umekatika. Utepe uliolegea waweza kurudishwa. Kidirisha kilichokatika ndani hakitengenezeki.

Katika mashine ya vioo vidogo mambo ni mengine. Humo nukta mbovu huwa nyeupe au nyeusi, wala haiwi na rangi, kwa sababu kioo kimoja huzihudumia rangi zote tatu kwa zamu. Kutokana na jambo hilo pekee mtu aweza kutambua jamii ya mashine: nukta ya rangi ni ya vidirisha vitatu, nukta nyeupe ni ya vioo. Nukta nyeupe zikiwa nyingi kama nyota, kipande cha vioo kimechoka, na nukta nyingine zitafuata.

Rangi zikiharibika kote katika mashine ya namna hii, gurudumu ndilo hutuhumiwa. Mashine huijua nafasi ya gurudumu kwa kijicho cha umeme kinachosoma alama iliyo katika kitovu chake. Kijicho kikifunikwa na vumbi, mashine huonyesha picha ya nyekundu wakati chujio jingine likiwa mbele ya taa, na rangi hubadilishana au kuchezacheza. Au taa hukataa kuwaka kabisa. Utando wa chujio ukibanduka, nuru nyeupe hupita mahali pake, na rangi ile hupauka badala ya kutoweka. Sauti ya kukwaruza inayopanda mashine inapowashwa ni dalili kwamba beringi za gurudumu zimekwisha.

Pindo za rangi zinazozunguka herufi nazo zina maana yake. Pindo likiwa na upana ule ule katikati na pembeni, picha tatu hazikulingana. Katika mashine ya mirija mitatu jambo hilo husahihishwa kwa vitufe vya kulinganisha. Katika mashine ya vidirisha, tofauti isiyozidi nukta moja ni ya kawaida. Lakini pindo likiwa halipo katikati na likiongezeka kuelekea kwenye pembe, kosa ni la lenzi, inayopinda kila rangi kwa kiasi tofauti kidogo, kama mche wa Newton.

Taa na joto

Taa za projekta nyingi zilizokwisha kutumika ni za mvuke wa zebaki wenye kanieneo inayozidi mara 200 ya ile ya hewa ya kawaida. Zebaki ina mistari yenye nguvu katika nuru ya urujuani, buluu, kijani na manjano, mmojawapo ukiwa ule wa kijani wa nanomita 546, lakini upande wa nyekundu ni dhaifu. Kwa hiyo taa inapozeeka, picha yote hufifia kwa usawa na wekundu huonekana kama matofali yaliyolowa. Taa chakavu haifanyi doa pembeni, wala haifuti rangi moja na kuacha mbili zikiwa nzuri. Mtu aliyeambiwa anunue taa mpya ili kuondoa doa la manjano ameshauriwa vibaya.

Menyu huonyesha saa ambazo taa imetumika. Tarakimu hiyo isaidie, lakini isiaminiwe peke yake, maana inaweza kurudishwa kwenye sifuri bila taa kubadilishwa.

Joto ni adui wa kila kilichoelezwa hapo juu. Projekta ichunguzwe kwa muda usiopungua nusu saa, kwa kuwa doa lisilokuwapo wakati wa kuwashwa laweza kutokea mashine ikipata moto. Chujio la hewa lililoziba kwa vumbi ndilo chanzo cha michomo mingi, na kulisafisha ni kazi ya dakika chache.

Kuamua

Mnunuzi akiyajua haya ataweza kupima bei. Waya, mipangilio na chujio la hewa ni mambo madogo. Gurudumu la rangi na kijicho chake vyaweza kubadilishwa na fundi mzoefu. Taa huuzwa, lakini bei yake yaweza kukaribia bei ya projekta yenyewe. Vidirisha vitatu na mche wake hulinganishwa kiwandani kwa ukaribu wa sehemu ndogo sana za milimita, kwa hiyo kwa kawaida hubadilishwa vyote kwa pamoja, na gharama yake ni nadra kuwa na faida. Mashine yenye mchomo wa buluu inaweza kufaa bado kwa kuonyesha maandishi na michoro, ikiwa bei yake imepunguzwa kwa haki. Haifai kwa somo la biolojia, ambamo rangi ya jani au ya tishu iliyotiwa dawa ndiyo jambo lenyewe linalofundishwa.

Kabla ya kuchomeka mashine iliyotoka ng'ambo, kibandiko chake kisomwe. Nyingi hupokea volti 100 hadi 240, lakini ile iliyoandikwa volti 100 au 120 pekee itaungua ikiunganishwa na umeme wa Afrika ya Mashariki.

Tahadhari

Mtu asitazame ndani ya lenzi wakati taa inawaka, wala asiiwashe projekta ikiwa imefunguliwa, maana miali ya urujuanimno hudhuru macho. Taa huwashwa kwa maelfu ya volti, na saketi za ndani zaweza kubaki na chaji baada ya plagi kuchomolewa. Kwa hiyo mambo yote yaliyoelezwa hapa yafanywe mashine ikiwa imefungwa, na kazi ya kufungua iachiwe fundi. Taa ikipasuka, umeme uzimwe, madirisha yafunguliwe, na watu watoke nje mpaka mvuke wa zebaki utawanyike. Vipande visiokotwe kwa mikono mitupu, wala taa iliyokufa isitupwe pamoja na taka za kawaida.

Jaribio kwa darasa

Mwalimu aweza kuyaonyesha haya bila projekta. Tochi tatu zifunikwe kwa karatasi za selofani za nyekundu, kijani na buluu, kisha zimulike karatasi moja nyeupe katika chumba chenye giza. Tochi zisogezwe mbele au nyuma mpaka mahali zinapokutana pakaribie weupe. Halafu mwanafunzi mmoja afunike tochi moja kwa siri, na wenzake, wakiitazama karatasi pekee, waseme ni ipi iliyozimwa. Watakaojibu kwa usahihi wamekwisha kufanya kile anachokifanya fundi mbele ya projekta mbovu: kuangalia rangi iliyobaki, na kwa hiyo kuijua iliyopotea.